Kumsimulia Dada "Watu wa Tanuri"

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika saa nane mchana, nimelowa hadi soksi. Dada alinifungulia mlango, akanyoosha mkono akanipapasa bega, kisha shavu, ndipo akasema, "Ni wewe." Sikujua kwamba mambo yamefika hapo. Kwenye simu alikuwa akiniambia macho yana ukungu kidogo. Ukungu kidogo, na mtu haoni vidole vyangu hata nikimsogezea puani. Jicho la kulia limebaki na mwanga na giza tu. La kushoto linaona maumbo, kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa.

Nyumba iko vilevile. Chumba cha mbele, jiko, vyumba viwili vya kulala, na nyuma karakana ya marehemu baba ya kujalidi vitabu. Dada ana miaka sitini na sita na bado anafanya kazi humo, anashona na kugundisha kwa kupapasa. Wateja wake hawajui.

Mimi nimestaafu Desemba, baada ya miaka thelathini na nne wodi ya wazazi. Nimemwambia nitakaa mpaka mvua ziishe. Yale mengine niliyoyapanga sijamwambia.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimetoa sukari yote jikoni, kwa sababu ya kisukari chake. Dada amenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda kwa daktari wa macho. Kijana mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kama Dada angekuja miaka miwili iliyopita, sasa hivi angekuwa anamtania badala ya kumsihi. Ataanza na jicho la kulia, tarehe kumi na tano Aprili, kwa sharti kwamba sukari ya damu ishuke na ibaki chini. Nikasema sharti limepokelewa, sukari nitaisimamia mwenyewe. Dada akamwambia daktari, "Huyu alikuwa mkunga. Amezoea watu waliolala chali wasioweza kukimbia."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Leo asubuhi amekuja Mzee Waya, fundi wa redio wa mtaa huu tangu sisi tukiwa wadogo. Amebeba antena begani na habari mdomoni: televisheni inarudia "Watu wa Tanuri" kuanzia leo, saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, sehemu zote arobaini. Kanda zilikuwa zimesahaulika ghalani na zimesafishwa.

Nilisimama na kijiko mkononi. Miaka arobaini na mitatu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na televisheni ya karibu ilikuwa moja, ya Mzee Waya huyuhuyu, dukani kwake. Watoto tulijazana dirishani, pua kwenye kioo, mpaka kioo kikawa kinalia jasho. Hadithi ya zama za taa za koroboi na mikokoteni ya ng'ombe: baba mfyatua matofali, mke wake, na binti zao wawili. Mkubwa tulimwita Shubiri kwa uchungu wa uso wake. Mdogo tulimwita Tausi. Kila msichana pale dirishani alikuwa Tausi. Shubiri hakuwa mtu.

Mzee Waya amefunga antena juu ya paa mvua ikimnyeshea, na jioni amerudi na kigoda chake mwenyewe, kwa madai kwamba viti vyetu vinalia na vinaharibu mazungumzo ya waigizaji. Dada ameketi mbele kabisa, uso ameuelekeza kwenye spika. Muziki ulipoanza alinyoosha kidole hewani, akakishusha sawia na pigo la mwisho.

"Mimi nitasikia," akaniambia. "Wewe utaniambia ninachokosa kuona."

Jumanne, 11 Machi

Sehemu ya pili. Sijui kusimulia.

Alhamisi, 13 Machi

Dada amelalamika rasmi. Anasema nasimulia kama nasoma cheti cha mgonjwa: mwanamke, umri takriban thelathini, amesimama, hana shida. Anataka kujua amesimamaje. Uzito uko mguu gani. Mikono inafanya nini wakati mdomo unasema mengine. Mzee Waya naye akadakia kwamba hata yeye, mwenye macho, alikuwa haelewi kitu kwa maelezo yangu.

Basi leo nimejitahidi. Shubiri anazungumza na mama yake habari ya posa, sauti tulivu, anakubali kila neno. Nikatazama mikono. Nikamwambia Dada: anachambua udongo, anatoa vijiwe, na kila anachokitoa anakiweka mfukoni badala ya kukitupa. Dada akasema, "Hataki kuolewa huyo."

Sehemu iliyofuata ilikuwa bado haijaanza, lakini nilijua kwamba amesema kweli. Nilipokuwa mdogo niliitazama sehemu hiyohiyo nikadhani hakuna aliyemtaka.

Jumatatu, 17 Machi

Sukari imeshuka. Dada amekula nusu ya papai akidai hakujua ni papai.

Alhamisi, 20 Machi

Sehemu ya tisa, baba anakufa.

Nataka kuiandika vizuri maana imenishika. Tanuri limewashwa siku ya pili, na moto ukishuka kabla ya siku ya tatu matofali yote yanapasuka. Baba anaanguka kando ya kuni. Mama anapiga kelele, Tausi anajitupa juu yake, nywele zote chini. Shubiri anapiga magoti, anamfumba macho baba yake, anamfunika kwa koti lake la kazi. Halafu anainuka, anachukua gogo, anarudi kulisha moto.

Pale dirishani, miaka ile, nilisema kwa sauti kwamba hana moyo. Watoto wote waliniunga mkono.

Leo nilikuwa nalazimika kumwangalia yeye na si Tausi, kwa sababu Dada aliuliza, "Yule mkubwa anafanya nini?" Nikamwambia: ameshika gogo. Amesimama nalo. Anageuka upande wa kulia, mlango wa tanuri uko kushoto. Amesahau mlango uko wapi. Nyumbani kwao, mahali alipozaliwa, amesahau mlango wa tanuri uko wapi. Pumzi moja, mbili. Sasa ameukumbuka.

Hakuna muziki. Siku hizi wangemwaga vinanda hadi vifurike sebuleni. Hapa ni sauti ya moto tu, na mwanamke aliyepotea hatua nne kutoka anakokwenda. Yule mwigizaji hakutoa chozi hata moja, na sisi watatu tulikuwa tunavuta kamasi.

Mzee Waya anasema mwigizaji huyo aliacha sanaa akaenda kufundisha shule. Anadai aliwahi kumtengenezea redio. Kila akisimulia, redio inakuwa kubwa zaidi.

Kuna jambo sikumwambia Dada. Siku simu ya msiba wa baba yetu ilipofika wodini, nilikuwa na mama mmoja katikati ya uchungu, mtoto ametanguliza miguu, na mkunga mwenzangu yuko likizo. Niliweka simu chini nikarudi kwa yule mama. Ilichukua saa sita. Mtoto alitoka hai. Gari la siku ile likawa limeondoka, la kesho yake likaharibika njiani, na nikafika baba ameshazikwa. Sikumweleza mtu. Nilidhani kujieleza ni kujitetea.

Jumanne, 25 Machi

Umeme umekatika saa kumi na moja, radi imepiga nguzo. Sehemu ya kumi na mbili ikatupita. Dada alikaa mbele ya kioo kilichozimika kama mtu aliyeachwa kituoni.

Mzee Waya akainuka kwenye kigoda chake, akakohoa, akasema sehemu hiyo anaikumbuka yote. Akaiigiza. Akawa mama, akawa Tausi, akawa mpima ardhi mgeni anayekuja kumshawishi Tausi waondoke wote mjini. Kwa Tausi alitumia kitambaa cha meza. Sauti ya Shubiri aliitoa chini kabisa tumboni, na kila Shubiri alipozungumza, maneno yalikuwa ya hekima ajabu na ya upole. Nilimuuliza kama kweli yalikuwa hivyo. Akakiri ametia chumvi. "Lakini huyo mwanamke alistahili maneno mazuri zaidi ya aliyoandikiwa," akasema.

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nije, na pengine tangu mama yetu akiwa hai.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimesafisha karakana. Dada alikuwa amelala mchana, nikaona nimfanyie wema. Sijui anavyofanya kazi humo bila kujikata: visu mezani, sindano kubwa mezani, mikasi mezani, vipande vya ngozi na kadibodi kila mahali. Nimefagia, nimetupa mabaki magunia mawili, nimepanga vifaa vya chuma kwenye droo ya juu na vya mbao droo ya chini, visu nimevitundika ukutani kwa ukubwa wake. Wodi yangu ilikuwa hivyo na hakikupotea hata kijiko.

Nilipomwonyesha, yaani nilipomweleza, alisimama mlangoni akavuta hewa puani. Akasema, "Asante." Nikaridhika.

Simu na binti yangu. Nimemwambia chumba cha nyuma akipake rangi, mama yake mkubwa ataanza maisha mapya kwetu mwezi wa sita.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekaa chini kuandika kwa sababu kuandika kunanituliza.

Asubuhi Dada aliingia karakana mapema, mimi nikiwa jikoni. Nilisikia kitu kimeanguka. Sikusikia kelele, Dada si mtu wa kelele. Nilipofika, amesimama katikati ya chumba, ameinua mkono wa kushoto juu ya kichwa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, na damu inateremka hadi kwenye kiwiko.

Alikuwa ameingiza mkono droo ya juu kutafuta ule mfupa mwembamba wa kukunjia karatasi. Miaka yote mfupa huo hukaa mezani, kulia kwake, mahali mkono unapofika bila kufikiri. Mimi nilikuwa nimeuweka pamoja na nyembe. Kiganja kimechanika kutoka kidole gumba hadi karibu na mkono unapoanza.

Nimezuia damu za wanawake mia, nikajua la kufanya, na mikono yangu ilifanya. Lakini nilikuwa nasema peke yangu, nisamehe, nisamehe, mpaka Dada akaniambia ninyamaze nimfunge vizuri. Zahanati wameshona nyuzi saba.

Tuliporudi, mlangoni ndipo aliposema, "Ile fujo uliyoifagia, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilikuwa naona kwa fujo ile."

Jioni Mzee Waya alibisha hodi na kigoda chake. Nilimrudisha.

Jumanne, 1 Aprili

Daktari wa macho ameahirisha. Hafanyi upasuaji mtu ana kidonda kibichi na sukari imepanda kwa mshtuko. Sasa ni tarehe sita Mei. Wiki tatu za giza nimemwongezea mimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumetazama. Nilipofungua mdomo kusimulia, Dada akasema leo atasikiliza mwenyewe. Mzee Waya akatazama dari. Mafuriko yameingia kwenye tanuri, sauti ya maji, matofali mabichi yanayeyuka. Nje nako mvua. Sikujua ipi ni ya nani.

Ijumaa, 4 Aprili

Vilevile.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi, tukiwa na chai, niliamua kuomba radhi kwa mpangilio. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia Dada kwamba najua alitoa maisha yake kwa ajili yangu. Kwamba nilipoondoka nikiwa na miaka kumi na minane kwenda kusomea ukunga, yeye alibaki na wazazi na karakana ili mimi niweze kwenda. Kwamba deni hilo nimelibeba moyoni miaka yote, na sasa nataka aje akae kwangu apumzike.

Alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akaweka kikombe chini, akakisukuma mbali kidogo kwa mkono mzima, akasema, "Najua habari za chumba cha nyuma. Mimi sioni, lakini si kiziwi."

"Na nani alikuambia nilibaki kwa ajili yako?" akaendelea. Hakupandisha sauti. "Umewahi kuniuliza? Baba alitaka niende mimi kwanza. Nafasi ilikuwepo, ya ualimu. Nilikataa. Nilikuwa nimeshaanza kujua kushona mgongo wa kitabu, na nikaona hakuna kitu kingine duniani ninachotaka kufanya. Nilibaki kwa sababu nilipenda. Wewe barua zako zote miaka thelathini zinanipa pole. Pole Dada, pole Dada. Pole ya nini? Hujawahi kuniuliza hata siku moja: leo umejalidi nini?"

Nilitafuta barua moja kichwani ambayo nimemuuliza. Sikuipata.

Nikamuuliza basi. Nilijisikia mjinga, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, lakini nikamuuliza. Akaanza kunihesabia kazi zake: daftari kubwa la hospitali lililoliwa na mchwa, aliloliokoa ukurasa kwa ukurasa na linalotumika hadi leo. Kamusi ya mwalimu mmoja aliyeileta vipande vipande kwenye mfuko wa saruji. Kitabu kidogo cha nyimbo, ngozi nyekundu, ambacho mwenye kitabu alikilia alipokabidhiwa. Alizungumza hadi chai ikapoa. Nilijua majina ya watoto niliowazalisha, na sikujua hata kazi moja ya mikono ya dada yangu.

Mchana tumerudisha karakana ilivyokuwa. Yeye kaketi, mkono kaufunga kifuani, ananiongoza. Mkasi viganja viwili kutoka ukingoni. Gundi kushoto, kifuniko kikielekea dirishani. Mfupa hapa, hapana, hapa. Hakukosea hata kimoja.

Jioni akasema, "Haya, simulia."

Jumatatu, 14 Aprili

Nyuzi zimetolewa. Sukari iko chini. Mzee Waya ameanza kuniita Msimulizi, nami sijakataa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hii tamthilia inasimama imara hivi baada ya miaka yote. Picha zimefifia, ukuta wa tanuri unatikisika mtu akiuegemea, na mara moja niliona saa ya mkononi kwenye mkono wa mchunga ng'ombe wa zama za koroboi. Lakini hakuna anayeharakishwa. Mtu akifyatua tofali, tunamwona akilifyatua mpaka mwisho. Aliyeiandika aliwaheshimu watu hawa kiasi cha kuwaacha wafanye kazi yao mbele yetu. Nilipokuwa mdogo nilizisubiri sehemu hizo zipite ili Tausi arudi na gauni jipya. Sasa nikipewa kuchagua, gauni lipite.

Jumatatu, 21 Aprili

Sehemu ya thelathini na moja, Tausi anarudi nyumbani.

Hii niliikumbuka kuliko zote. Ningeweza kuapa mahakamani. Tausi anakuja na mvua, sanduku mkononi, mpima ardhi ameshamtelekeza, mama yao amekufa yeye akiwa hayupo. Anabisha. Shubiri anafungua, anamtazama toka juu hadi chini, kisha anambamizia mlango usoni. Pa. Nilibeba sauti ya mlango ule miaka arobaini na mitatu. Nilimwambia Dada kabla haijaanza: leo jiandae, leo anamfungia mlango.

Dada akasema, "Hafungi."

Nikamwambia anafunga, namkumbuka vizuri. Mzee Waya, ambaye huwa anajua kila kitu, safari hii alitazama viatu vyake.

Ikaanza. Nikasimulia. Tausi anakuja, sanduku, mvua. Anabisha. Shubiri anafungua mlango. Mikono ina udongo hadi kwenye viwiko. Anamtazama. Anasema, "Umefika." Anageuka. Anakwenda zake ndani, anapita chumba cha kwanza, anapita cha pili, anatoka nyuma kwenye tanuri. Nilingoja mlango. Kamera imebaki pale nyuma ya Tausi, tunaona mgongo wake na sanduku linalochuruzika maji, na mbele yake mlango.

"Mlango ukoje?" Dada akauliza.

Nikamwambia, "Uko wazi."

Uko wazi hadi mwisho. Umeachwa wazi wote, mvua inaingia, inalowesha sakafu, na hakuna anayeufunga. Kutoka huko nyuma inasikika sauti ya kiti kinachoburutwa. Tausi amesimama nje, anasubiri kukaribishwa kwa maneno, na maneno hayaji, na yeye ndiye anayegeuka kwenda kulala kwa jirani. Hakuna pa. Hapakuwa na pa hata siku moja. Nimeitunga mimi.

Muziki wa mwisho ulipokwisha, Mzee Waya alichukua kigoda chake akaondoka mapema bila kuaga sana. Ana akili yule mzee kuliko anavyojionyesha.

Nikabaki na Dada. Nikamwambia lile nililokuwa sijalisema. Kwamba siku niliyokuja baada ya mazishi ya baba, yeye alinifungulia mlango huuhuu wa mbele, akasema, "Umefika," akanipa mgongo akaenda karakana. Na kwamba mimi nililala kwa rafiki yangu wa shule siku ile, na kesho yake nikapanda gari nikarudi kazini, na kwamba tangu hapo, nikija, nakuja kama mgeni.

Dada aligeuza uso kunielekea. Macho yake, yale meupe, yalikuwa yananitafuta.

"Nilikuwa sijalia," akasema. "Watu wamejaa siku tatu, nyumba haina pembe ya kujificha. Nilikwenda karakana nipate kulia. Mlango nilikuachia wazi. Nilidhani utanifuata."

Nikamweleza habari ya yule mama wodini na mtoto aliyetanguliza miguu, na saa sita zile. Alisikiliza kama anavyosikiliza tamthilia, kichwa kimeinama upande. Akauliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike. Akauliza alilia mara moja au walimpiga makofi. Nikamwambia alichelewa kidogo, halafu akalia kwa nguvu wodi nzima ikageuka.

"Vizuri," Dada akasema. "Baba angekupiga fimbo kama ungemwacha yule mama."

Jumanne, 22 Aprili

Nimempigia binti yangu simu. Nimemwambia rangi ya chumba si haraka. Mama mkubwa huenda akaja Agosti kwa wiki mbili, akipenda, na atahitaji meza karibu na dirisha.

Dada alikuwa mlangoni. Sasa sijali akisikia.

Ijumaa, 2 Mei

Sehemu ya arobaini. Mzee Waya amevaa koti.

Nilitarajia kukumbatiana, machozi, maneno ya kumaliza hadithi. Hakuna. Mafuriko yamepita, tanuri limejengwa upya, asubuhi ya kuwasha. Shubiri anapanga matofali mabichi. Tausi anakuja na tofali mikononi, gauni limefungwa kiunoni, anasema, "Niweke wapi?" Shubiri anasema, "Hapo." Tausi anaweka. Anakwenda kuchukua jingine. Basi. Picha inabaki kwenye ukuta unaopanda, tofali kwa tofali, majina yanapita, mwisho.

Nilisimulia hadi jina la mwisho la mpiga picha. Dada alikuwa anatabasamu. Mzee Waya alisimama, akapiga makofi mbele ya televisheni, peke yake, taratibu, kama mtu aliye ukumbini. Nasi tukapiga.

Jumanne, 6 Mei

Upasuaji. Dakika ishirini. Nimewaambia wanawake wangapi kwamba ni jambo dogo, na leo nilikuwa kwenye benchi la nje nachezesha miguu kama mume wa mzazi wa mara ya kwanza.

Jumatano, 7 Mei

Daktari ametoa bandeji. Dada alipepesa, akapepesa tena. Mimi nilikuwa nimejiweka mbele kabisa, nimefunga kitambaa changu kizuri cha kichwa, nimeandaa uso. Dada akamtazama daktari, akasema, "Kifungo cha tatu hakilingani na vingine." Daktari akakishika. Kweli.

Kisha akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, toka juu hadi chini, akanishika mkono tukaenda nyumbani.

Nyumbani hakukaa hata kidogo. Alikwenda rafuni karakana akashusha kazi zote alizofanya gizani miaka hii miwili, zile ambazo wenyewe hawajazichukua. Akazifungua moja moja mbele ya dirisha, akapitisha kidole kwenye mishono, akasogeza karibu na jicho, akasogeza mbali. Mimi nilikuwa naogopa kuliko pale kwenye benchi. Alipofika cha mwisho akakifunga.

"Si mbaya," akasema. Akajipangusa shavu kwa kiganja chenye kovu.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zimekatika siku ya nne. Naondoka Jumamosi. Jicho la kushoto litafanywa Julai, na Dada amesema nisije kwa ajili hiyo, Mzee Waya atampeleka, nije kwa jambo jingine lolote.

Daktari amemruhusu kazi nyepesi. Asubuhi alianza kitabu, daftari la kuandikisha wanafunzi, si kitu cha ajabu. Niliingia karakana kumuuliza habari ya chakula cha mchana, nikasahau kuuliza. Alikuwa anakusanya kurasa, anazigonga mezani, ubavu, kichwa, ubavu, mpaka zikalingana kama zimekatwa leo. Akatia uzi nta. Sindano ikaingia kwenye mkunjo na kutoka bila yeye kuitazama, na kila mshono aliuvuta kwa nguvu ileile, si zaidi, si pungufu, mkono unapanda hadi sikioni na kushuka. Fundo la mwisho alilifunga kwa vidole vitatu, haraka mno, nikashindwa kuona limefungwaje. Nimezaliwa nyumba hii, na hii ni mara ya kwanza kutazama kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nasimulia kimya, moyoni, kwa mazoea. Uzito uko mguu wa kulia. Mdomo umefunga. Uso umelegea, wa mtu aliye mahali anapotaka kuwa.

Sijui nilisimama pale muda gani. Dada hakuinua kichwa.

"Sogea kidogo," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.